Shamba lililoitwa Angola

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuwaonya nayo wachuuzi na waweka hazina wa vyama vya ushirika. Hata hivyo, ina upande wa pili ambao sikuwahi kuufikiria mpaka nilipokuwa mwanafunzi wa uzamifu nchini Marekani: kwamba mwenye mali mwenyewe anaweza kupotea bila habari, vitukuu wake wasilijue hata jina lake, na bado daftari likabaki likimtaja.

Aliyenifunza hayo ni mwanafunzi mwenzangu, mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, mzaliwa wa jimbo la Maryland. Kila Jumamosi alikuwa akitoweka alfajiri na kurejea jioni, macho mekundu na mikono imejaa karatasi. Nilidhani anafanya kibarua. Kumbe alikuwa akishinda katika nyumba ya kuhifadhia kumbukumbu, akipekua hati za mashamba na majalada ya mirathi ili awapate mababu zake wa kale. Siku moja alinijia na nakala iliyokunjwa mara nne, akaifungua mezani, akaweka kidole juu ya neno moja.

"Ndugu yangu, wewe unasomea lugha za Kibantu," akaniambia. "Hebu nieleze neno hili limefikaje hapa."

Neno lenyewe lilikuwa Angola. Karatasi ilihusu shamba la ekari 44 katika kaunti ya Somerset, jimboni Maryland, mnamo 1677. Katika koloni hilo ilikuwa desturi kila shamba lililosajiliwa lipewe jina, na Waingereza wengi waliyaita mashamba yao kwa majina ya vijiji walikozaliwa. Mwenye shamba hili aliitwa John Johnson. Jina la Kiingereza tupu! Iweje basi mtu wa jina hilo, katika koloni la Waingereza, aite shamba lake Angola?

John Johnson hakuwa babu wa rafiki yangu. Alikuwa amekutana naye njiani tu, kama vile mtu atafutaye mbuzi wake aliyepotea akutanavyo na nyayo za mbuzi wa jirani. Lakini alinisihi nizifuate nyayo hizo, kwani ukoo wa Johnson ni mojawapo ya mifano bora ya jinsi familia inavyoweza kufufuliwa kutoka katika karatasi za mali peke yake. Nilizifuata, na nilichokikuta ndicho ninachotaka kumsimulia msomaji leo.

Ukuta wa sensa

Kwanza kabisa ni vyema tuuelewe ugumu wa kazi yenyewe. Mmarekani atafutaye nasaba yake hutegemea sana sensa, ambayo imefanywa nchini humo kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Lakini kabla ya 1850, sensa ilimtaja kwa jina mkuu wa nyumba peke yake. Mkewe, wanawe na wazee waliokuwa chini ya paa lake walikuwa hesabu tu. Kwa watu weusi, hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika sensa za 1850 na 1860, waliokuwa watumwa waliorodheshwa kwenye majedwali ya pekee yaliyoonyesha umri, jinsia na rangi, pamoja na jina la aliyewamiliki. Majina yao wenyewe hayakuandikwa, ila mahali pachache sana. Ilibidi kungoja hadi 1870, utumwa ukiwa umekwisha kukomeshwa, ndipo watu weusi wote wakaandikwa kwa majina. Watafutao nasaba zao huuita mwaka huo ukuta, na wengi huugonga wakarudi nyuma.

Nyuma ya ukuta huo, iwe ni kwa mweusi au kwa mweupe, kilichobaki ni daftari la mali. Serikali huweza kusahau siku uliyozaliwa, kanisa huweza kuteketea na vitabu vyake vya ubatizo, lakini ni nadra mno mtu kusahau kuandika nani ana ardhi, nani anadaiwa na nani amerithi. Huko Eastville, katika kaunti ya Northampton jimboni Virginia, zimehifadhiwa kumbukumbu za mahakama zisizokatika tangu mwaka wa 1632. Si kwamba kila kaunti ilibahatika hivyo. Kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka vitabu vyao katika mji wa Richmond ili visalimike wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mji huo ulipowaka moto Aprili 1865, vikateketea huko huko kwenye usalama.

Kanuni za kuzisoma karatasi hizo ni chache, na rafiki yangu alinifundisha kama mtu amfundishavyo mtoto kusuka ukili. Kanuni ya kwanza ni kwamba ardhi haidondoki kutoka mbinguni. Mtu akiuza shamba, sharti awe amelipata mahali: ama alipewa na serikali, ama alilinunua, ama alilirithi. Ukikuta hati ya kuuzia lakini usiikute ya kununulia, basi mtafute marehemu. Yawezekana kuna baba au mjomba aliyekufa, na huyo ndiye umtakaye.

Kanuni ya pili ni kuijua sheria ya mahali na ya wakati, ili uweze kusikia hata kimya chake. Katika Virginia ya kikoloni, mtu akifa bila wosia, ardhi yake yote ilimwendea mwana wa kiume wa kwanza. Utaratibu huo ulifutwa kwa sheria iliyopitishwa 1785. Hivyo wosia usipomtaja kifungua mimba, usiharakishe kudhani kwamba alilaaniwa. Pengine baba aliona hapana haja ya kumwachia kwa maandishi kile ambacho sheria ilikuwa imekwisha kumpa.

Kanuni ya tatu inahusu wanawake. Waume wengi waliandika katika wosia zao "mke wangu mpendwa" na wasitaje jina, kana kwamba mapenzi yalitosha kuwa kitambulisho. Lakini mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwangalifu alimtaka mke ajitokeze, atamke jina lake na kukiri kwamba ameiachilia haki hiyo. Basi mwanamke ambaye hakutajwa kanisani wala katika wosia huibuka ghafla kwenye hati ya shamba, pale alipokuwa akipoteza kitu.

Ya nne ni kalenda. Katika makoloni ya Kiingereza hadi 1752, mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Hati yenye tarehe ya mapema Machi 1654 kwa hesabu yetu ni ya 1655. Asiyelijua hilo ataona mtoto amezaliwa kabla ya wazazi wake kuoana, na kuusingizia ukoo mzima uzinifu.

Kutoka Antonio hadi Johnson

Tukiwa na kanuni hizo mkononi, na tumrudie mwenye shamba. Hati zinaonyesha kwamba John Johnson huyo alikuwa mjukuu wa mtu aliyeitwa Anthony Johnson. Ukizidi kurudi nyuma, jina la Johnson linatoweka. Katika orodha ya wakazi wa Virginia iliyoandikwa mwanzoni mwa 1625, yupo mtu aliyetajwa kuwa ni "Antonio, mtu mweusi", aliyefika mwaka wa 1621 katika jahazi lililoitwa James. Yupo pia mwanamke, "Mary, mtu mweusi", aliyefika mwaka uliofuata. Wote wawili walikuwa kwenye shamba la tumbaku la mfanyabiashara Edward Bennett. Shamba hilo lilishambuliwa na wenyeji asilia wa nchi tarehe 22 Machi 1622, watu zaidi ya hamsini wakauawa, na Antonio akawa miongoni mwa wachache walionusurika. Wanahistoria wanamtambua huyo kuwa ndiye Anthony Johnson, na Mary kuwa ndiye mkewe.

Sisi wanaisimu tunajua kwamba jina halibadiliki bure. Antonio ni jina la Kireno, jina la mtu aliyebatizwa au kuandikishwa na Wareno kabla ya kuvushwa bahari. Anthony ni lilo hilo likiwa limevalishwa suruali ya Kiingereza. Na Johnson ni jina la mtu ambaye sasa ana sababu ya kuwa na jina la ukoo, maana ana kitu cha kuwarithisha watu wa ukoo huo.

Kitu hicho tunakiona Julai 1651. Mwezi huo Anthony Johnson alipewa hatimiliki ya ekari 250 huko Pungoteague, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake. Virginia ilikuwa ikitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye gharama yake ya kuvuka bahari imelipwa, na Johnson aliwasilisha haki za watu watano. Haki hizo ziliweza pia kununuliwa na kuuzwa, hivyo hatuwezi kusema kwa yakini kwamba yeye ndiye aliyewaleta watano hao. Tusemalo bila shaka ni kwamba mtu aliyeletwa akiwa hana hata shati lake mwenyewe sasa alikuwa na shamba, na majirani waliulizwa mpaka wake ukomea wapi. Muda si muda wanawe nao wakaonekana vitabuni: John akiwa na hati ya ardhi jirani na baba yake, na Richard akiwa na ekari 100 mwaka wa 1654. John alilazimika hata kulalamika mahakamani kwamba mzungu mmoja, aliyeitwa John Johnson vile vile, alikuwa ameizuia hati yake. Hapo mtafuta nasaba anaonywa: majina mawili yanayofanana si lazima yawe mtu mmoja.

Februari 1653 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mali ya Johnson. Aliiomba mahakama imhurumie, nayo ikaamua kwamba Mary na binti zao wawili wasitozwe kodi ya kaunti maisha yao yote. Uamuzi huo haukuwa mdogo, kwa sababu sheria ya wakati huo iliwatoza kodi wanawake weusi ilhali wake wa wazungu hawakutozwa. Mahakama ilitoa sababu zake: kwamba watu hawa wamefanya kazi ya sulubu na kwamba wamekuwa wakazi wa Virginia kwa zaidi ya miaka thelathini. Naomba msomaji alishike neno hilo, wakazi. Tutalihitaji baadaye kidogo.

Sitaki kumchora Johnson kama malaika. Karatasi zilezile zinazomtukuza ndizo zinazomshtaki. Shambani kwake palikuwa na mtu mweusi aliyeitwa John Casor. Casor alidai kwamba alikuja nchini kwa mkataba wa miaka saba au minane na kwamba Johnson alikuwa amemzuia kupita muda wake. Kwa muda, watu wa nyumba ya Johnson walimshawishi amwachilie, na Casor akaenda kwa jirani mzungu aliyeitwa Robert Parker. Kisha Johnson akageuza nia, akamshtaki Parker. Machi 1655 mahakama iliamuru Casor arejeshwe kwa Johnson, awe wake milele. Hukumu hiyo hutajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa katika makoloni hayo kumfanya mtu mtumwa wa maisha bila ya kosa lolote la jinai. Aliyeishinda kesi hiyo alikuwa Mwafrika. Anayewatafuta mababu hana budi kuwapokea jinsi alivyowakuta.

Kutoka mkazi hadi mgeni

Mnamo 1665 Johnson na mkewe waliuza ekari 200 za shamba lao, wakamwachia mwana wao Richard 50 zilizosalia, wakahamia kaskazini hadi Maryland. Huko walikodi ekari 300 zikaitwa Tonies Vineyard, yaani shamba la mizabibu la Tony. Anthony alifariki 1670. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, jopo la mahakama huko Virginia likaketi kuulizana kuhusu zile ekari 50 za Richard. Lilikata shauri kwamba ardhi hiyo irejee kwa mfalme wa Uingereza, kwa sababu Anthony Johnson alikuwa mtu mweusi na kwa hivyo alikuwa mgeni.

Mgeni! Katika Kiswahili neno hili lina heshima yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema, na mgeni hutandikiwa mkeka mpya. Katika sheria ya Kiingereza ya zama zile, mgeni alikuwa mtu asiye chini ya utii wa mfalme, na mtu wa namna hiyo hakuwa na haki ya kudumu katika ardhi wala ya kuirithisha. Mfalme angeweza kuitwaa wakati wowote. Neno moja tu lilitosha kuiondoa ardhi mikononi mwa mwana wa marehemu, bila panga wala bunduki.

Sasa na tulikumbuke lile neno tuliloliweka akiba. Mwaka wa 1653 mahakama ya pwani hiyo ilimwita mtu huyu mkazi wa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka wa 1670, akiwa kaburini, akaitwa mgeni. Hakuwa amehama kwenda nchi ya kigeni. Maryland nayo ilikuwa koloni la mfalme huyo huyo. Kilichohama ni lugha ya sheria. Katikati ya miaka hiyo, mnamo 1662, Virginia ilikuwa imepitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mamake, awe mtumwa au huru, na 1667 ikapitisha nyingine kwamba ubatizo haumtoi mtu utumwani. Nani awezaye kuona mabadiliko hayo katika maisha ya mtu mmoja, kama si yule anayesoma vitabu vya mashamba, ukurasa baada ya ukurasa?

Sisi huku Kenya hatuna haki ya kuyashangaa hayo kwa mbali. Mtindo huo wa sheria, kwamba mwenye ardhi wa mwisho ni mfalme, ndio ulioletwa hapa na wakoloni katika sheria ya ardhi ya 1915. Mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Barth, akiamua kesi ya Wakikuyu wawili, alitamka kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu wa mfalme kwenye ardhi yao wenyewe, wangeweza kuondolewa apendapo. Kati ya Virginia na Nairobi ilipita miaka 251. Kalamu ilikuwa ile ile.

Ng'ombe wa Mary

Lakini kisa hakikuishia hapo, na hapo ndipo ninapompenda Mary. Mjane huyu, aliyeshuka jahazini akiwa na jina moja tu, alifanya mapatano mapya huko Maryland, akaandikiwa ukodishaji wa Tonies Vineyard kwa miaka 99, ili wanawe nao waweze kuendelea kukaa hapo baada yake. Mnamo 1672 aliandikisha hati ya kuwapa wajukuu zake watatu ng'ombe. Hata John Casor alisajili alama ya mifugo yake mwenyewe, kwa idhini ya Mary. Kisha, miaka mitano baadaye, mjukuu wake John akajipatia zile ekari 44 akaziita Angola.

Nilimjibu rafiki yangu kama ifuatavyo. Angola ni neno la Kibantu. Limetokana na ngola, cheo cha mtawala wa ufalme wa Ndongo, ambao watu wake walisema Kimbundu. Wareno walikichukua cheo cha mfalme wakakifanya jina la nchi nzima. Kimbundu na Kiswahili ni ndugu. Mtu kwao ni mutu, na watu ni atu. Na yule mnyama ambaye Mary aliwagawia wajukuu zake, ambaye karani alimwandika kwa Kiingereza, kwa Kimbundu ni ngombe. Siwezi kuapa kwamba Anthony na Mary walizungumza Kimbundu, kwani wengi walitolewa bara na kupakiwa Luanda wakiwa wa lugha mbalimbali. Lakini ninaweza kusema kwamba zaidi ya miaka hamsini baada ya Antonio kushuka pwani ya Virginia, katika kizazi cha tatu, mtu aliyezaliwa Marekani, mwenye jina la Kiingereza, alipopewa fursa ya kutamka neno moja la hiari mbele ya karani, alitamka la Kiafrika.

Nilipomaliza, rafiki yangu alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaikunja nakala yake mara nne, kama ilivyokuwa, akasema, "Basi hata wangu yumo humo. Ni mimi tu sijafika ukurasa wake."

Alifika mwaka uliofuata. Alikuwa ameanza na mzee mmoja aliyeandikwa katika sensa ya 1870, akamchunguza jirani yake mwenye mashamba, akafuatia hati za jirani huyo hadi kwa mkwe wake aliyekufa miongo kadhaa kabla ya hapo. Katika jalada la mirathi ya mkwe huyo kulikuwa na orodha ya mali yote iliyotathminiwa na majirani: vitanda, magodoro, majembe, chungu cha chuma. Baada ya chungu kilifuata jina la mwanamke, jina moja tu, na la mtoto wake wa kiume. Kisha farasi jike. Mkabala wa kila kimoja palikuwa na bei. Katika mgawo wa urithi, mama na mtoto walimwendea binti wa marehemu, mke wa yule jirani, na jina la mtoto lilikuwa la yule mzee wa 1870, na umri ukiafikiana. Alilinakili jina la bibi yake kwa penseli, maana mle ndani kalamu ya wino hairuhusiwi.

"Aliyeandika hakumjali," aliniambia jioni ile. "Alitaka bei tu. Lakini aliandika."

Daftari la nyumbani

Nimeyakumbuka hayo mwaka huu kwa sababu ya jambo lililotupata nyumbani. Marehemu babu yangu alifariki 1991. Cheti cha shamba bado kina jina lake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatumika nchini tangu 1981, lakini kwetu hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. "Kila mtu anaujua mpaka wake," baba mdogo alikuwa akituambia kila tulipouliza, na kweli tuliujua, mpaka yeye naye alipotutoka, na vijana wawili wakaanza kuusogeza usiku kwa usiku. Sasa tunatakiwa tupeleke barua ya chifu yenye majina ya warithi wote wa babu, ombi litangazwe katika Gazeti Rasmi, na wenye pingamizi wapewe siku 30.

Tuliketi kuandika majina hayo. Ya wanaume yalikuja kwa haraka. Tulipofika kwa mke wa kwanza wa babu, aliyekufa kabla sijazaliwa, kikao kizima kilibaki kutazamana. Tulimjua kwa jina la mwanawe wa kwanza tu, Mama Fulani. Desturi hiyo ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto ni ya heshima, na nimepata kuisifu darasani. Siku hiyo niliona kwamba nasi tuna "mke wangu mpendwa" yetu. Na sisi hatukuvushwa bahari na mtu yeyote, wala hakuna aliyetukataza kuandika.

Siku hizi Wamarekani wamerahisishiwa kazi. Hati nyingi za mashamba na mirathi zimepigwa picha, na tangu 1924? La, zama hizo zilikuwa za kuvumbua vumbi kwa mkono. Ni mwaka wa 2024 ndipo shirika la FamilySearch lilipoanza kuwawezesha watu kutafuta jina lolote ndani ya maandishi ya mkono ya karne zilizopita kwa msaada wa kompyuta. Lakini hakuna mashine iwezayo kusoma kile ambacho hakikuandikwa. Karani wa Somerset hakuwa mtu mwema kutuzidi. Alichotuzidi ni kufungua kitabu.

Ninawaomba basi wasomaji wangu mfanye mambo mawili kabla ya mwaka kwisha. Kamilisheni mirathi ya wazee wenu wangali hai wanaoijua mipaka. Na mnapojaza zile karatasi, msiandike majina ya wenye mashamba peke yao. Andikeni na ya waliolima.

Mimi nilimwendea shangazi yake baba, bibi mkongwe ambaye haoni tena, nikakaa naye hadi adhuhuri na kijidaftari changu. Nilimwuliza jina la wifi yake. Alilitaja mara moja, bila kufikiri, kisha akaniuliza mbona hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.